Neno "Mlango" na Maana Zake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Miongoni mwa majina ya kawaida ya Kiswahili ni machache yanayotamkwa mara nyingi kwa siku kama mlango, na huenda kwa sababu hiyo hiyo ni machache yaliyochunguzwa kwa uzembe kama hilo. Mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu, na mtu mzima hulitumia bila kulifikiri. Mtunga kamusi naye, akilifikia, huandika maana ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kisha akaenda zake kwenye neno linalofuata.

Desturi hiyo ina asili yake. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882 baada ya mwandishi wake kufariki, na ile ya Johnson ya 1939 iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, ziliandikwa kwa ajili ya mgeni aliyetaka kisawe cha Kiingereza. Kwa mgeni huyo ni sawa kuambiwa kwamba mlango ni hiki mahali hapa na ni kile mahali pale. Lakini msomaji wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na wa kamusi zilizotungwa baada yake, hahitaji kisawe. Lugha ni yake. Anachohitaji ni kuelezwa kwa nini ubao wa mninga, nafasi katika mwamba wa bahari, watoto wa babu mmoja na sehemu ya kitabu viitwe kwa jina moja. Namba zilizopangwa safu haziwezi kumweleza hilo. Zaidi ya hayo zinamwachia shaka kama analotazama ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno manne yaliyoangukia umbo moja kwa bahati, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Pwani inayoanzia Mtwapa ikapita Takaungu, Kilifi, Watamu na Malindi hadi ng'ambo ya Mto Sabaki ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo. Huko Kiswahili hakiishi peke yake. Kimekaa karne nyingi pamoja na Kigiriama, Kichonyi, Kikauma na ndugu zao, na wengi wa wasemaji wake huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine katika sentensi moja. Krapf mwenyewe, alipohamia Rabai pamoja na Rebmann mwaka 1846, alianza kazi yake ndani ya mchanganyiko huo huo.

Jambo la kwanza la kuondolewa njiani ni ubao. Msemaji yeyote, akiulizwa ghafla mlango ni nini, ataonyesha ubao unaofungwa na kufunguliwa. Jibu hilo ni la kweli lakini si la msingi. Ushahidi wake uko Gede, kilomita chache kutoka Watamu, katika magofu ya mji uliokwisha kuhamwa na watu wake karne nyingi zilizopita, na ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948. Kaburi moja la huko lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuta za matumbawe zimesimama, matao yaliyochongoka juu yamesimama, bali mbao zote zimekwisha kuoza. Hata hivyo hakuna Mswahili apitaye chini ya matao yale akasema kwamba nyumba zile hazina milango. Husema mlango wa msikiti ni huu, mlango wa jumba ni ule. Uwazi ndio mlango; ubao umepewa jina la uwazi kwa kuwa ndio unaouziba. Vivyo hivyo nyumba ya nyasi ya Mgiriama wa zamani ilikuwa na mryango wake pasipo kazi ya seremala.

Lakini si kila uwazi ni mlango. Tundu ni uwazi. Ufa ni uwazi, na pengo ni uwazi. Dirisha nalo ni uwazi, ingawa limewekwa kwa ajili ya upepo, nuru na macho, si kwa ajili ya miguu. Mwizi aliyetoboa ukuta wa udongo ameingia kwa tundu, na hata kama tundu hilo ni pana kuliko mlango wenyewe, hakuna atakayeliita mlango. Njia nayo hupitwa, lakini njia haihitaji kizuizi. Basi katika neno mlango mna mambo matatu ambayo hayana budi kukutana: kizuizi, uwazi katika kizuizi hicho, na sharti la kupita. Sharti hilo la tatu ndilo lisilotajwa na kamusi, nalo ndilo linalozishika maana nyingine zote.

Nyumba ya Kiswahili yaliweka wazi sharti hilo. Mbele pana baraza, na mgeni huweza kukaa hapo muda mrefu asivuke. Akitaka kuvuka hupiga hodi, akangojea karibu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka. Katika nyumba za mawe za pwani ya kaskazini paliongezwa daka, na nyuma yake tekani, ili anayeingia asione ndani kabla hajaruhusiwa kuona. Mlango wenyewe una majina ya viungo vyake: kizingiti cha juu na cha chini, miimo ya kushoto na kulia, mfaa unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, komeo linaloufunga. Watoto hukatazwa kukaa kizingitini, na sababu inayotolewa aghalabu ni kwamba wanaziba riziki. Katika harusi bwana arusi hatarajiwi kuingia chumbani mikono mitupu. Hutoa ada, na moja ya ada hizo huitwa kifungua mlango. Hakuna anayedhani kwamba fedha ile ni malipo ya kuvuta komeo.

Nyuma pana mlango wa uani, ambao ni wa wanawake na wa jamaa wa karibu. Apitaye huko amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Hapo pana jambo la kupendeza kwa mchunguzi wa nahau. Siku hizi kupata kazi au cheti kwa mlango wa nyuma ni kupata kwa hongo au kwa upendeleo, na usemi huo una dharau. Kwa upande wa jengo, mlango wa nyuma na mlango wa uani ni kitu kimoja. Kwa upande wa lugha ni vitu viwili vinavyopingana, kwa kuwa mmoja ni wa heshima ya ujamaa na mwingine ni wa aibu ya umma. Mtunga kamusi atakayeandika kwamba maneno hayo mawili yana maana moja atakuwa amepima ukuta tu.

Maana iliyo tajiri kuliko zote, na ambayo imeanza kusahauliwa, ni ya ukoo. Katika miji ya Waswahili husemwa kwamba watu fulani ni wa mlango mmoja, yaani wametoka kwa mzazi mmoja ndani ya kabila au ukoo mpana zaidi. Miongoni mwa Wagiriama na jamaa zao mbari hugawanyika katika miryango, na mryango hugawanyika katika nyumba. Wapo wanaosema kwamba mlango wa maana hii ni neno jingine kabisa, na kwamba lingestahili kitomeo chake peke yake. Hoja yao ni kwamba vitenzi vinavyoandamana nalo ni tofauti: mlango wa nyumba hufungwa na kufunguliwa, mlango wa ukoo huenea, hugawanyika, huisha. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi.

Kwanza, uhusiano huo haupo pwani tu. Katika Kinyarwanda na Kirundi umuryango ni mlango na pia ni jamaa au ukoo. Na neno hilo limepanuka hata Umoja wa Mataifa ukaitwa kwalo. Kama ni bahati tu iliyoyagonganisha maneno mawili, ni bahati ya ajabu iliyotokea Rabai na ikatokea tena Kigali. Pili, uhusiano huo umevuka hata mipaka ya lugha za Kibantu. Wajaluo huita ukoo dhoot, na ndani ya neno hilo mnasikika mdomo wa nyumba. Wanuer wa Sudani Kusini, kama Evans-Pritchard alivyoeleza katika kitabu chake cha 1940, huita tawi la ukoo thok dwiel, na maana yake ni ile ile, mdomo wa kibanda. Lugha hizo hazikukopa wazo hilo kwa Waswahili.

Sababu yake haiko mbali. Katika boma la mume mwenye wake kadhaa, kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina mlango wake. Watoto wa baba ni wote. Watoto wa mlango ni wale waliotokea kwa mama mmoja, wakala kwake na wakalala kwake. Wanapokua na kuoa na kuhama, boma hubomoka na nyumba huanguka, lakini hesabu ya milango hubaki. Wajukuu wa wajukuu huendelea kutajana kwa mlango ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Usemi "wametoka mlango mmoja" basi una maana mbili kwa wakati mmoja, na msikilizaji halazimiki kuchagua. Hapo ndipo kitomeo cha peke yake kingekata nyama na mfupa pasipo kiungo. Na lile sharti la kupita limo: mtu huingia katika mlango wa watu kwa kuzaliwa humo, na hakuna hodi itakayomwingiza vinginevyo.

Kwamba maana hii inafifia si jambo dogo. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wayathibitishe madai yao, na sehemu kubwa ya ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Mfumo wa namna hiyo ulimtambua mtu mwenye jina lake na mipaka iliyopimwa. Jamaa waliozoea kujieleza kwa mlango, nani ametoka kwa nani na nani alilima wapi, ilibidi waseme kwa lugha ya watu wengine. Hadi leo mashauri ya ardhi kati ya Kilifi na Malindi hurejea kwenye nasaba, na wazee hutumia neno mlango wanapozieleza. Karani kijana aliyesomea Kiswahili cha darasani, ambaye amefundishwa kwamba mlango ni ubao na kwamba jamaa ni ukoo, huandika ukoo. Kwa kuandika hivyo amepoteza daraja moja zima ya ushahidi, kwa sababu ukoo ni mpana kuliko mlango, na huenda ugomvi ulio mbele yake ni wa milango miwili ya ukoo mmoja. Kamusi haiwezi kutatua ugomvi wa ardhi, bali inaweza kumzuia karani asiuongezee utata.

Maana ya bahari ni nyepesi kuelezwa. Kusini ya Malindi mwamba wa matumbawe umeandamana na pwani, na mawimbi ya bahari kuu hupasuka juu yake. Penye nafasi chombo hupita, na nafasi hiyo ni mlango. Kadhalika mahali bahari inapoingia kwenye hori, kama Kilifi na Mida, na mahali Mto Sabaki unapomwaga maji yake mekundu kaskazini ya Malindi. Kizuizi kipo, uwazi upo, na sharti ni kujaa kwa maji na ujuzi wa nahodha. Hapo lugha hutumia pia maumbo yake ya ukubwa na udogo: mlango, kilango kwa mpito mwembamba, na lango kwa mpito mkubwa, hasa wa mji wenye ukuta. Mtaa mmoja wa Lamu huitwa Langoni hadi leo. Watangazaji wa mpira wa miguu nao wamelichukua lango kwa mahali pa kufungia mabao, na kipa wakamwita mlinda mlango. Kazi nzuri, kwa sababu huyo ni mtu ambaye shughuli yake yote ni kukataza kupita.

Maana ya kitabu ina historia nyingine, na ni kosa kuichanganya na zile zilizotangulia. Kiarabu huita mlango bab, na kwa neno hilo hilo huita sehemu ya kitabu, hasa vitabu vya sheria na elimu ya dini. Mlango huo wa bahari uliopo kati ya Yemeni na Jibuti, Bab el Mandeb, ni neno hilo hilo. Waswahili waliosoma vitabu hivyo hawakulikopa neno, walikopa maana, wakaipandikiza juu ya neno lao wenyewe. Baadaye wafasiri wa Biblia walifuata, na wasomaji wake husema mlango wa tatu, aya ya tano. Mafungu ya Mwanzo ambayo Krapf aliyafasiri, na ambayo yalichapishwa Marekani mwaka 1847, ni milango mitatu kwa hesabu hiyo. Siku hizi riwaya na vitabu vya shule vimeuacha mlango, vimeshika sura. Kuna hasara kidogo katika badiliko hilo. Sura katika Kurani ni kitu kingine, si sehemu ya hoja inayoendelea; ilhali mlango wa kitabu ulimkumbusha msomaji kwamba amefika mahali pa kuingilia.

Pamoja na hayo, maana hiyo ya kukopa imekaa vizuri kwa kuwa ilikuta msingi. Ndivyo isivyokuwa kwa misemo kadhaa inayoingia kwa sasa kutoka Kiingereza kupitia magazeti. Husomwa kwamba mkurugenzi fulani ameonyeshwa mlango, maana yake amefukuzwa. Katika adabu ya pwani mwenyeji humsindikiza mgeni hadi mlangoni na zaidi ya mlangoni, kwa hiyo kumwonyesha mtu mlango ni kumkirimu, au pengine ni kumwonyesha mgeni njia asipotee. Husomwa pia kwamba viongozi wamekutana nyuma ya milango iliyofungwa, ingawa lugha ina faragha na ina chemba. Wagombea hutafuta kura mlango kwa mlango, ingawa wasemaji wengi husema nyumba kwa nyumba, kwa kuwa anayetembelewa ni wa nyumbani na ubao hauna kura. Na fursa hubisha mlango. Hii ya mwisho ni mbaya kuliko zote, kwa sababu yule abishaye hodi ndiye mwenye haja, na fursa haina haja na mtu. Kwa Mswahili riziki ina milango yake, nayo hufunguliwa na Mungu. Mja ndiye anayebisha. Mlango wa toba nao umesimama juu ya msingi huo huo.

Si kwamba kukopa ni dhambi. Bab imeshuhudia kinyume chake. Kipimo ni kama msemo mpya unapatana na kizuizi, uwazi na sharti, au unalilazimisha neno liseme jambo ambalo vitendo vya wasemaji wake vinalikanusha.

Kipimo hicho kina kazi hata hospitalini. Lugha ya zamani iliuona mwili kuwa nyumba: milango mitano ya fahamu ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kwa kuwa ndipo dunia inapomwingia mtu. (Hapo sharti la kupita hulegea, maana jicho hufumbwa lakini sikio halifumbwi.) Kwa mpango huo huo mahali pa chini pa tumbo la uzazi pakaitwa mlango wa kizazi. Lakini katika mabango na vitabu vya afya, hasa Tanzania, hutumika pia shingo ya kizazi. Shingo imetokana na Kilatini, ambamo cervix ni shingo; ni fasiri aminifu ya umbo la kiungo jinsi daktari anavyolichora. Mlango ni fasiri ya kazi yake: hufungwa mimba ikiwamo, hufunguka wakati wa kuzaa, na mkunga wa kijijini aliyekuwa hajawahi kuona mchoro alijua hivyo kwa vidole vyake. Wanawake wanaoitwa kupimwa saratani ya mahali hapo huambiwa neno moja na bango na neno jingine na nyanya zao. Baadhi yao huuliza kama ni ugonjwa mmoja au ni magonjwa mawili, na swali hilo ni la haki. Waundaji wa istilahi wangeweza kulijibu kwa kuyaandika majina yote mawili pamoja katika bango, na katika kamusi kuyaweka chini ya mlango, mara tu baada ya milango ya fahamu na kabla ya mlango wa ukoo, ambao nao ulianzia hapo.